Jibu: Goti kukakamaa na hofu ya pikipiki baada ya ajali

Ndugu, pole sana. Umeuliza kama ni kawaida goti kukataa kukunja na moyo kwenda mbio kila usikiapo pikipiki, ilhali plasta imeshatolewa na daktari amesema mfupa wa muundi umeunga. Ni kawaida. Plasta inayolifunga goti kwa wiki nyingi hukikakamaza kiungo na kuisinyaza misuli ya paja, kiasi kwamba ukiyapima mapaja yote mawili kwa utepe huenda ukaona tofauti. Mazoezi uliyopewa na mtaalamu wa viungo yafanye kila siku, hata yakikuchosha, na kama unavuta sigara, acha, kwa sababu huchelewesha mfupa kupona. Hata hivyo, shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikikubana, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda mshipani.

Kuhusu hofu, sikubaliani na wanaokuhimiza kupanda pikipiki haraka ili uizoee. Anza kwa kukalia pikipiki iliyozimwa, kisha uiwashe bila kuondoka, na usogee hatua inayofuata pale tu mwili unapotulia. Ndoto za ajali na kushtuka ovyo vikizidi mwezi mmoja, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Matibabu yapo na husaidia. Helmeti iliyogonga chini usiivae tena, hata kama haina ufa, kwa kuwa povu lake la ndani likishabonyea halikingi tena ipasavyo.