Shangazi, wifi yangu ametoweka na mtaa mzima umeshamhukumu kaka yangu

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Tanga na mama yangu. Mke wa kaka yangu mkubwa hajaonekana tangu Jumamosi moja, wiki tano zilizopita. Alikuwa mtu wa kucheka, hana ugomvi na mtu. Yeye na kaka walitengana mwaka jana, akapanga chumba chake na watoto wao wawili, wa miaka 11 na 6. Siku hiyo aliwaacha kwa jirani, akasema anakwenda sokoni. Hakurudi. Watoto sasa wako kwetu.

Polisi walimhoji kaka siku mbili wakamwachia. Lakini mtandaoni ni muuaji tayari. Picha yake inasambazwa, wengine wanasema wifi katorokea Oman na mwanaume. Nataka kuposti kwamba kaka alilala nyumbani usiku ule na mimi ni shahidi. Ni kweli alilala, ila alitoka kati ya saa tatu na saa tano, akasema anaweka mafuta kwenye pikipiki. Na mwezi wa tatu nilimsikia akisema, "Akinipeleka baraza atanijua mimi ni nani." Aliwahi kumpiga pia. Haya sijamwambia mtu. Mama anasema mambo ya ndani hayatoki nje. Juzi mtoto mkubwa ameona video kwenye simu ya mwenzake, akaniuliza, "Shangazi, baba amemuua mama?" Nikamfokea, kisha nikaenda chooni nikalia. Wifi aliniachia mfuko mwezi wa nne, akaniomba nimtunzie. Niliufungua mara moja, ni makaratasi. Nifanye nini?

Wifi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye maneno "alikuwa mtu wa kucheka". Barua hii ingeangukia mikononi mwa wale wanaosambaza picha ya kaka yako, neno "alikuwa" lingezungushiwa duara jekundu: mnaona, wifi yake anajua kwamba ameshakufa. Mimi naona mtu aliyeamka alfajiri wiki tano mfululizo kusikiliza kama kuna hodi, na ulimi ukachoka kusubiri. Nakuomba tu, mbele ya watoto, rudi kwenye "ni". Mama yenu ni mtu wa kucheka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe haimdhanii mtu kuwa amekufa mpaka ipite miaka 5 bila wale ambao wangepaswa kusikia habari zake kusikia chochote. Ninyi mna wiki tano.

Sasa nije kwenye lile linalokunyima usingizi. Nadhani si zile video. Umeniandikia mambo mawili kuhusu kaka yako. Moja linamsaidia, kwamba alilala nyumbani. La pili linamuumiza: zile saa mbili, lile neno la mwezi wa tatu, kipigo. Unataka kulipeleka la kwanza kwa umma na kulizika la pili. Mwanangu, usifanye hivyo. Yote mawili yapeleke polisi, na kwa umma usipeleke hata moja.

Najua linavyosikika. Kaka wa tumbo moja. Pengine ndiye aliyekulipia ada, ndiye aliyekubeba mgongoni. Lakini nikueleze habari ya mwanamke mmoja huko Connecticut, Marekani, kwa sababu alisimama pale unapotaka kusimama wewe.

Mei 24, 2019, Jennifer Dulos, mama wa watoto 5, aliwapeleka watoto shule mji wa New Canaan na hakuonekana tena. Alikuwa katikati ya kesi ndefu ya talaka na mumewe, Fotis, ambaye walikuwa wamekwishatengana. Mume alikuwa na mwanamke mwingine nyumbani, Michelle Troconis, na huyu ndiye ninayemsema. Polisi walipomhoji, huyu mwanamke alisema asubuhi ile alimwona Fotis nyumbani. Baadaye akakiri kwamba hakumwona. Zikapatikana pia karatasi zilizoandikwa kwa mkono zikipanga ratiba ya siku ile, nani alikuwa wapi saa ngapi. Kamera za barabarani mjini Hartford zilimnasa Fotis jioni ile akitupa mifuko ya taka, na mwanamke yule yumo ndani ya gari. Fotis alishtakiwa kwa mauaji Januari 2020 na akajiua mwezi huohuo. Michelle ndiye aliyesimama mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Mwaka 2024 alikutwa na hatia na kufungwa miaka 14 na nusu. Mwili wa Jennifer haujapatikana.

Sisemi kaka yako ni Fotis, na wewe si Michelle. Nakuonyesha tu inakofika sentensi kama "mimi ni shahidi, alilala nyumbani" inapokatwa zile saa mbili. Ukishaiandika hadharani utalazimika kuishi nayo. Mpelelezi atakuja na kumbukumbu za simu, au na kijana wa kituo cha mafuta, na siku hiyo utakuwa umesema uongo mbele ya dunia nzima kwa ajili ya ndugu ambaye huenda hana kosa lolote. Kama kweli alikwenda kuweka mafuta, basi zile saa mbili ndizo zinazomsafisha, maana kituoni kuna mtu aliyemhudumia na huenda kuna kamera. Wiki tano zimepita. Rekodi za kamera haziwekwi milele, zinafutwa na nyingine zinaandikwa juu yake. Kwa kunyamaza huenda unampotezea kaka yako ushahidi wake mwenyewe.

Na kama hakwenda kuweka mafuta? Hapo mwanangu unajua jibu, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kuposti. Kanuni ya Adhabu inamhesabu mkosaji mtu anayemsaidia mhalifu kukwepa adhabu huku akijua kosa limetendwa, na udada haukuokoi.

Mama yako anasema mambo ya ndani hayatoki nje. Namheshimu, ni mzazi, na najua anachokiogopa: amempoteza mkwe, hataki kumpoteza na mwana. Lakini kipigo hakijawahi kuwa jambo la ndani. Sheria hiyohiyo ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mume au mke hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko. Imesema hivyo tangu mama yako akiwa msichana. Na lile baraza ambalo kaka alitishia kwalo ni baraza la usuluhishi wa ndoa, mahali ambapo sheria inamtaka mwanandoa apite kabla ya kudai talaka. Wifi yako alikuwa anafuata njia halali. Mwanamke anayetishwa kwa sababu anafuata njia halali, habari zake zinatakiwa kwenye jalada la polisi.

Utasema: Shangazi, basi nawe umeshamhukumu. Hapana. Watu wengi hutamka maneno makali kwa hasira na hawajamgusa mtu. Polisi watalipima neno lile pamoja na mengine yote waliyonayo, ambayo mimi na wewe hatuyajui. Mtandao hauna cha kulipimia.

Hao watu wa mtandaoni nao siwalaumu kwa kila kitu. Wanakumbuka. Nani kwetu amesahau Kigamboni mwaka 2019? Mama alitoweka mwezi wa tano, na mwezi wa saba mumewe akafikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya kumuua. Tangu hapo, mke akipotea watu wanamtazama mume kwanza, na wapelelezi nao huanzia hapohapo. Hofu yao ina sababu. Ila hofu yenye sababu bado inaweza kumwangukia asiyehusika, na ikimwangukia hairudi kuomba radhi.

Januari 27, 2023, huko Lancashire, Uingereza, mama wa mabinti wawili aitwaye Nicola Bulley alikuwa akimtembeza mbwa kando ya mto Wyre baada ya kuwapeleka watoto shule. Simu yake ilikutwa kwenye benchi, bado imeunganishwa na kikao cha kazi. Ndani ya siku chache kijiji kilijaa watu na simu zao, wanarekodi, wanachungulia nyumba za wenyeji, kila mmoja mpelelezi. Mwenzi wake alichambuliwa kuanzia macho hadi namna alivyosimama mbele ya kamera: hakulia vya kutosha, katulia mno. Maswali yalipozidi, polisi wakatoa hadharani mambo ya afya ya Nicola ambayo hakuna mwanamke angependa yajulikane, nao wakalaumiwa vikali. Februari 19 mwili ulipatikana mtoni, kama maili moja kutoka kwenye benchi. Mwezi wa sita mchunguzi wa vifo akahitimisha kwamba alianguka majini na kuzama kwa ajali.

Familia yake ilisema kinachowahuzunisha ni kwamba siku moja watalazimika kuwaeleza wale mabinti kuwa baba yao alituhumiwa na watu pamoja na vyombo vya habari. Nililia niliposoma hayo. Nilipofika kwenye swali la mwanao, nikayakumbuka tena.

Nasema mwanao kwa makusudi. Mimi naitwa shangazi na wasomaji nisiowajua. Wewe ni shangazi wa wale wawili kwa damu, na mila zetu unazijua: shangazi ndiye anayeambiwa yasiyosemeka kwa baba wala mama. Yule mtoto hakukosea mlango. Mwite leo, mkae mahali hakuna watu, na kwanza kabisa mwombe msamaha kwa kumfokea. Kisha mwambie ukweli kama ulivyo. Sema: "Sijui mama yuko wapi. Polisi wanamtafuta. Wale wanaosema kwenye simu hawajui pia. Hukufanya kosa lolote, na ukitaka kuniuliza tena, niulize hata usiku." Usimwambie baba hawezi kufanya jambo kama hilo, kwa sababu hujui. Usimwambie mama amesafiri. Ana miaka 11, ameshaona video, na siku akigundua ulimdanganya hatakuuliza tena, atawauliza wenye simu. Mdogo anatosha kusikia kwamba mama anatafutwa na kwamba yeye anapendwa.

Mwone mwalimu wa darasa ana kwa ana, umwombe azime mazungumzo hayo shuleni. Wasiliana pia na afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Na kaka akija kuwaona, aje, ni baba yao. Lakini mpaka upelelezi uishe awe nao mkiwepo watu wazima, na asitoke nao peke yake. Mwambie mwenyewe kwa upole kwamba hiyo inamlinda na yeye. Akikasirika, msimamo ubaki palepale.

Ile habari ya Oman. Dada zetu wengi wa pwani wamekwenda huko kufanya kazi za ndani, ndiyo maana watu wanaiokota haraka. Inawapa ruhusa ya kuacha kutafuta. Hata Jennifer hakuponyoka: wakili wa mumewe aliwaambia waandishi huenda mwanamke amejificha mwenyewe ili kumkomoa mume. Mama wa watoto 5! Kwa hiyo mtu akiandika kwenye kundi lenu kwamba wifi katoroka, mjibu na huyo kama unavyotaka kumjibu anayemwita kaka muuaji. Andika mara moja tu, maneno machache: hajapatikana, siku aliyoonekana mara ya mwisho, alivaa nini, na mwenye habari azipeleke kituo fulani kwa namba ya RB fulani, ile mliyopewa polisi mlipotoa taarifa. Picha iwe yake peke yake, bila watoto, bila mume. Kisha usijibu maoni. Wanaotaja kosa la mauaji kwa jina na picha ya mtu, piga picha ya kioo cha simu na uhifadhi tarehe. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kaka yako anaweza kuitumia mwenyewe wakati ukifika. Si kazi yako wiki hii.

Wiki hii kazi yako ni kituoni. Ulizia dawati la jinsia na watoto. Usiku mmoja kabla, kaa na daftari uandike kila unachokumbuka kwa saa na tarehe, usichokumbuka andika sikumbuki. Ukiogopa kwenda peke yako, wapo wanasheria wa TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, wanaosaidia watu bila malipo. Ukishaandikisha maelezo, omba usomewe kabla hujasaini, na ukiona neno ambalo hukulisema, lirekebishwe. Kaka usimwambie kabla. Atakuomba, utashindwa, na ninyi wawili mtakuwa mmebeba mzigo mzito kuliko sasa. Mama mwambie baada ya kurudi, ukiwa umekaa chini karibu naye.

Atalia. Huenda asikusemeshe siku kadhaa. Mpikie chai, umwekee, usibishane.

Na ule mfuko. Mwanamke aliyehama na watoto wawili, mwenye jirani, mwenye ndugu zake wa kuzaliwa, alichagua kumwachia makaratasi yake dada wa mume aliyetengana naye. Alijua kitu kuhusu wewe. Usiufungue tena, usipange kilichomo, usimpe mtu akushikie. Utie ndani ya mfuko mwingine safi, ufunge, uende nao kituoni kama alivyokuachia.