Joto darasani: tuanze na feni au paa?

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Madarasa yetu ya mabati hayana dari, na ifikapo saa sita mchana joto huwa kali mno. Kamati ya shule inataka kuongeza feni, ilhali luku inaisha haraka. Tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, tunaiomba kamati isitishe kwanza ununuzi wa feni, kwa kuwa chanzo cha joto hilo ni paa. Bati lililopigwa na jua hushusha joto lake moja kwa moja juu ya vichwa vya watoto, na feni huizungusha tu hewa ile ile. Wekeni dari, huku mkiacha matundu yenye wavu juu ya kuta ili hewa ya moto iliyo kati ya dari na bati ipate pa kutokea. Shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, iliyosanifiwa na Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001, inafuata kanuni hiyo: paa la bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali ya udongo, nao upepo hupita katikati. Fedha zisipotosha, pakeni bati rangi nyeupe, nayo irudiwe inapofubaa. Dirisha lililozibwa kwa matofali kwa kuhofia wezi lifunguliwe na kuwekewa nondo, kwani hewa huhitaji matundu kwenye kuta mbili zinazotazamana. Ili kuokoa umeme wa luku, taa ndefu za wati 36 zibadilishwe kwa za LED za wati 18. Baada ya hapo, huenda feni mlizonazo zikatosha.