Mashine ya Dhahabu Inaona Ngozi Tu

Siku hizi kwenye maduka ya dhahabu watu wanaamini skrini kuliko sonara. Mteja anaona asilimia 91.7, yaani karati 22, anaitikia kwa kichwa, biashara imeisha. Mimi ndiye ninayekaa nyuma ya hiyo mashine, hapa Mwanza, na nakushauri hivi: kabla hujauliza mashine imesema ngapi, uliza imepima wapi.

Mashine hiyo, XRF, inapiga eksirei kwenye kipande. Eksirei zinang'oa elektroni za ndani ya atomu, na nyingine zinaposhuka kujaza pengo, kila metali inatoa mwale wenye nishati yake: shaba 8.0 kiloelektronivolti, dhahabu 9.7, fedha 22.1. Kihisi kinahesabu, programu inakuletea asilimia. Kwamba kila elementi ina alama yake ya eksirei, mwanafizikia Henry Moseley alishalionyesha tangu 1913, na hapo mashine haina ubabaishaji.

Tatizo ni kwamba mwale wa dhahabu unamezwa na dhahabu yenyewe. Unaofika kwenye kihisi umetoka mikroni chache za juu, kumi hivi, na unywele wako ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Kwa hiyo bangili iliyochovywa dhahabu nzito inaweza kusoma vizuri kabisa. Hata bila mtu kukusudia wizi, sonara akiichovya kwenye asidi ili ing'ae, shaba ya juu inaliwa na dhahabu inabaki, basi namba inapanda.

Ndiyo maana nina tupa ndogo mezani. Kuna bangili ililetwa kama karati 22, nje ikasoma 91.8. Nikaomba ruhusa (omba ruhusa kila mara, mali si yako), nikakwaruza kidogo upande wa ndani, karibu na kifungio. Ikashuka hadi 74.6, na shaba ikapanda. Hiyo ni karati 18 iliyovalishwa koti. Mwenyewe alinuna sana.

Muuzaji akikataa tupa, tumia maji. Weka glasi ya maji kwenye mzani wa kidijitali, rudisha sifuri, kisha ning'iniza kipande kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Gramu zitakazoonekana ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Karati 22 inakuja kama 17.8, karati 18 kama 15.5, kutegemea fedha na shaba zilizochanganywa. Ile bangili ilitoa 15.4. Tikisa viputo vya hewa vitoke kwanza, na cheni yenye matundu usihangaike nayo. Kwa mkuo mzito wa karati 24 maji hayatoshi, kwa sababu tungsteni ina msongamano wa 19.25 na dhahabu 19.3, hapo ukate, au utoboe, au usinunue.

Soma na mistari ya chini ya skrini. Nikeli ikitokea kwenye dhahabu ya njano, mara nyingi ni tabaka la chini ya mchovyo. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu, ikitokea kwenye dhahabu yao, maana yake haijaungua ikaisha: usiiyeyushie dukani, mvuke wake ni sumu. Dhahabu hiyo ya sponji haipimiki sawasawa hata hivyo, ina matundu na uchafu. Iyeyushwe mahali panapofaa, ikorogwe, ndipo ipimwe sehemu mbili tatu, juu na chini.

Kwa wenye mashine: kila asubuhi pimeni kipande cha mfano ambacho asilimia yake mnaijua, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki kiwe hai, na kipande kikae kwenye kishikizo chake. Naona vijana wanakishika kwa vidole mbele ya dirisha la mashine huku wanapiga stori. Eksirei zinatoka hapo hapo.