Jibu kwa mdogo wangu wa Butembo anayetaka kuja Ubelgiji

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, na makelele ya kuku wa Mama Mkubwa humo ndani. Unasema kwetu Butembo, mashariki mwa Kongo, kumebaki magonjwa na wezi, Ubelgiji kuna haki na mshahara, na kwamba mimi yaya wako, mkubwa wako, nimekula, nimeshiba, nimesahau. Eti hata vijana wa pikipiki pale mjini wanajua nina nyumba ya ghorofa Brussels. Ghorofa kweli ipo. Chumba changu kiko juu kabisa, na choo tunachangia watu wa milango mitatu.

Habari za baridi waulize wengine. Mimi nataka tusemezane kuhusu pesa, maana hapo ndipo mnaponichoma.

Nafanya kazi katika nyumba ya wazee. Naosha watu wazima, nawageuza, nawabadilishia pampasi. Kuna bibi ananiita kwa jina la mbwa wake aliyekufa zamani. Hanitukani, majina mengine yote yamemtoka. Kazi hiyo siionei haya, jasho ni jasho. Kinachoniliza ni glavu. Kila nikimaliza mzee mmoja natupa jozi, navaa nyingine. Boksi likiisha, jingine liko kabatini, hakuna anayeniuliza. Halafu natoka zamu, nafungua simu: "Yaya, tuma ya glavu, daktari hawezi kumpasua Mama bila glavu." Nikatuma. Ikafuata ya nyuzi, ikafuata ya dawa ya usingizi, ikafuata ya mafuta ya jenereta. Alipopona wakamzuia wodini kama rehani mpaka bili iishe, na siku ya kuachiwa mlinzi wa getini naye akataka soda yake. Kwa hiyo mimi nasafisha wazee wa Kibelgiji ili ninunue glavu ambazo huko kwenye makaratasi zilikwisha nunuliwa.

Usiniambie nchi yetu haikupata pesa ya ugonjwa. Nilikuwepo wakati wa riposti, yale mapambano dhidi ya Ebola. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, ikatangazwa kuisha Juni 2020, imeshachukua watu 2,287. Magari uliyaona. Ya wakubwa yamekodishwa kwa dola, askari wanalipwa kwa kusindikiza, mtoto wa fulani amepewa kazi ya kupima watu joto barabarani, na muuguzi aliyesomea hana mjomba wa kumwingiza. Biashara ya Ebola, tulisema hivyo sisi wenyewe, na tukicheka. Oly Ilunga, aliyekuwa waziri wa afya, alihukumiwa Machi 2020 miaka mitano ya kazi ngumu kwa zaidi ya dola 400,000 za mapambano hayo, yeye alikana. Na wageni waliokuja kutuokoa? Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitoa ripoti yake Septemba 2021: watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao waliajiriwa na shirika hilo. Dada zetu waliambiwa wazi, kazi ipo, lakini kwanza twende chumbani. Basi ukinililia kwamba wezi wako huko kwetu tu, nakuuliza: hao wa chumbani walitoka Butembo wote?

Na wizi na ugonjwa si hadithi mbili. Desemba 2018 sisi wa Beni na Butembo tulinyimwa kura ya rais, sababu wakaitaja Ebola na usalama. Zamu yetu ya kupiga kura ya wabunge ilipofika, Machi, rais alikuwa amekwisha apishwa. Baada ya hapo nani angeamini sindano ya chanjo? Watu wakaficha wagonjwa, wakazika usiku, na kila maziko ya usiku yakazaa wagonjwa wapya. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa. Daktari kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, akapigwa risasi hospitalini mjini kwetu, Aprili 2019. Hilo sitaki kusikia mtu akilitetea, hata awe na hasira gani. Wakati huo huo surua iliua zaidi ya 6,000 nchini, wengi watoto wadogo, na surua ina chanjo ya siku nyingi na ya bei rahisi. Surua haikukodisha magari, ndiyo maana haikuwa na wenyewe.

Huku nako, nisikufiche, roho zao zina mipaka. Mpox, ule ugonjwa wa vipele, inajulikana Kongo tangu 1970. Mwaka 2022 ilipofika Ulaya, watu wa hapa walichanjwa mwaka huo huo. Kwetu aina yake mpya ilianza kusambaa Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, kwenye machimbo ya dhahabu, na dozi za kwanza zilitua Kinshasa Septemba 2024. Dhahabu ya Kamituga haijawahi kungojeshwa namna hiyo. Ndiyo hiyo haki unayoisikia kwa mbali. Agosti 2023 serikali ya hapa ilitangaza kwamba wanaume wasio na familia wanaoomba hifadhi hawatapewa pa kulala. Tulipita wengine wamelala kwenye mahema kando ya mfereji, katikati ya mji mkuu wa Ulaya.

Kwa hiyo usije. Yule jamaa anayekuahidi viza kwa dola elfu kadhaa usimpe hata franka, na shamba la babu lisiguswe. Libya usiitaje mbele yangu tena.

Ila ukija, njoo kwa njia ya masomo, na diploma yako uipeleke Kinshasa ikagongwe mihuri yote kabla hujafunga begi. Hapa kuna wauguzi wa kwetu wanaosugua sakafu miaka na miaka wakingoja diploma zao zitambuliwe. Kifaransa chako kinatosha. Anza Kiflamandi, yaani Kiholanzi cha huku, kazi nyingi ziko upande wa Waflamandi.

Nilitaka kukuandikia ubaki, wodi yenu haina watu. Nimefuta. Mimi ni nani wa kumwambia mtu afanye kazi bila matrikili, ile namba ya mtumishi wa serikali, bila mshahara, akingoja primu, posho inayokuja ikitaka? Mimi mwenyewe niliondoka, na nikiulizwa kama nitarudi nabadilisha mazungumzo. Lakini ukiondoka wewe, na yule mwenzako wa zamu ya usiku akaondoka, Mama Mkubwa atapasuliwa na nani? Sina jibu. Tuma nakala ya diploma hata hivyo, nitaulizia.

Mshahara ukiingia nitatuma ada ya shule ya mdogo kwanza. Simu uliyoomba itasubiri. Ya dawa za presha nitailipa mwenyewe moja kwa moja kwa mwenye famasi, nipe namba yake, na usinikasirikie. Ile ya mwezi uliopita ya vipimo vya Mama sijaona karatasi yake mpaka leo. Nakuamini, lakini risiti naitaka, yenye mhuri, si ya kuandikwa kwa mkono.