Jibu: Programu yangu ya kompyuta za kwantamu, je, hataza za wakubwa zitanizuia kuuza?

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: umeandika zana ya kupunguza mageti (hatua za hesabu) kwenye sakiti za kyubiti (vipande vya data vya kompyuta ya kwantamu), umeijenga juu ya Qiskit, programu huria ya IBM ya kuandikia kompyuta hizo, na sasa rundo la hataza (haki za kisheria juu ya uvumbuzi, yaani patent) za makampuni makubwa limekutisha.

Anza na leseni. Qiskit iko chini ya Apache 2.0, leseni huria inayoruhusu biashara, kwa hiyo kuuza ruksa. Tena waliochangia kodi (maandishi ya programu) kwenye Qiskit wanakupa haki ya hataza zao zinazoguswa na michango hiyo. Ukiwashtaki kwamba kodi hiyo inavunja hataza yako, haki hiyo inakatika. Na haikukingi dhidi ya hataza za watu wengine.

Kisha soma madai, yaani vifungu vinavyosema hataza inalinda nini hasa, achana na kichwa cha hataza. Mimi nilipoteza usingizi wiki nzima kwa kichwa kimoja kilichoonekana kumeza kazi yangu yote. Kufungua dai la kwanza, kila kitu kimefungwa kwenye kifaa cha kupoza sakiti, nami sina hata friji ya maabara! Zana yako ikikosa kipengele kimoja cha dai, kwa kawaida hujalivunja. Ila maombi ya hataza kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, mengine bado hayaonekani, kwa hiyo rudia msako wa hataza baadaye.

Na kama unataka hataza yako mwenyewe, je, zana umeshaionyesha hadharani? Marekani unayo miezi 12 tangu siku hiyo ya kuomba hataza. Ulaya kwa kawaida umeshachelewa. Hapo ndipo mimi niliumia, kwa wasilisho la dakika kumi tu.

Mimi si wakili. Kabla ya kusaini na mteja, mlipe mmoja akusomee madai mawili matatu yaliyokukaribia.