Vumbi la mgodi kwenye malisho: piga hesabu ya Februari, si ya Septemba

Wanafunzi wa mazingira hapa Arusha hupenda kuniletea ramani ya setilaiti yenye wekundu uliokolea kuzunguka machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani, na maelezo yao ni yaleyale: "Kaka, angalia vumbi lilivyoua nyasi." Nauliza, picha ya mwezi gani? Akijibu Septemba, namwambia avute kiti tuanze upya. Septemba mbuga za Simanjiro zimekauka mpaka huko Terrat, kuwe na mgodi au kusiwe.

Ramani hizo karibu zote ni za NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea. Hesabu yake ni ndogo: chukua infraredi ya karibu (mwanga ambao jicho halioni), toa mwanga mwekundu, kisha gawa kwa jumla ya hizo mbili. Jani zima hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi kwa wingi, kwa hiyo namba hupanda. Vumbi likitanda juu ya jani, namba hushuka. Ila hushuka pia ng'ombe wakipita hapo wiki nzima, na hushuka jua likichoma. Setilaiti haijui kosa ni la nani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: usihangaike kupima vumbi likiwepo, pima linavyoondoka. Mvua moja nzuri huosha majani, wakati chipukizi mpya zinahitaji siku kadhaa. Tafuta picha safi, isiyo na mawingu, ya mwisho kabla ya mvua na ya kwanza baada yake, kisha toa moja kwa nyingine. Sentinel-2, setilaiti mbili zinapopokezana, hupita kila baada ya siku 5, na picha zake ni za bure. Landsat 8 peke yake hurudi baada ya siku 16. Hapo nyasi zimeshachipua na jibu limepotea.

Mvua ipi sasa? Wengi hukimbilia ile ya kwanza ya vuli. Hapana. Wakati huo nyasi zenyewe zimekufa, ukiziosha unabaki na majani makavu yaliyo safi. Mimi hutumia kiangazi kifupi cha Januari na Februari, kati ya vuli na masika, nyasi zikiwa bado na ukijani huku vumbi limeshajikusanya. Ikidondoka mvua ya kupita njia, hiyo ndiyo yako. Juni na Julai achana nazo: setilaiti hupita kama saa nne na nusu asubuhi, na asubuhi za miezi hiyo mawingu huku kwetu unayajua.

Udongo ukilowa nao hubadilika rangi, ndiyo maana picha mbili peke yake hazitoshi. Chora mikanda kuanzia kwenye vifusi: mita 100, 500, kilomita 1, kilomita 3, upande unaopelekewa upepo na upande wa pili, kwenye udongo wa aina moja. Unachotafuta ni badiliko la karibu likizidi badiliko la mbali. Upepo usiukisie, uwanja wa ndege wa KIA uko jirani na hupimwa pale. Na waulize wafugaji mvua ilinyesha wapi hasa, maana kule inaweza kulowesha upande mmoja wa korongo na kuacha mwingine mkavu. Data za mvua zenye vipande vya kilomita 5 hazitakuambia hilo.

Halafu kuna jambo la kinywe, ambalo naona watu wanalipita haraka. Tanzanaiti hukaa kwenye miamba yenye kinywe, madini yaleyale ya penseli. Mzee mmoja wa Naisinyai alinisugulia jani kwa kidole gumba, kidole kikatoka cheusi kinachong'aa. "Mbuzi hawali hii," akasema, "wanangoja inyeshe." Vumbi jeupe la chokaa au moramu huongeza mwanga mwekundu unaorudi, kwa hiyo NDVI huanguka waziwazi. Vumbi jeusi hupunguza kila kitu, mwekundu na infraredi pamoja, na uwiano waweza kuyumba kidogo tu huku infraredi imeporomoka. Usitazame NDVI pekee. Fungua bendi ya 4 (mwekundu) na ya 8 (infraredi ya karibu) za Sentinel-2, kila moja kivyake.

Mwisho, shuka chini. Ukiwa na ruhusa ya kijiji (ndani ya ukuta unaozunguka machimbo ni kibali kingine kabisa), chuma majani kila mkanda siku ambayo setilaiti inapita, yatie kwenye bahasha bila kuyakung'uta. Yaoshe kwa maji safi, chuja, kausha karatasi ya chujio, pima uzito wake kabla na baada. Eneo la jani lichore kwenye karatasi ya grafu, kisha gawa uzito wa vumbi kwa eneo hilo. Mizani ya dukani haifai. Omba ya maabara inayosoma milligramu, na funga madirisha unapopima.