Usukani umelala kushoto? Hesabu mizunguko kabla hujamruhusu fundi aung'oe

Mkuu mwenye Corolla ya 1998, umesema tangu ubadilishiwe tairodi endi (kiungo cha mwisho cha mkono wa chuma unaosukuma tairi) huko Urambo gari linakwenda sawa ila usukani umelala kushoto, na fundi anataka hela aung'oe aurudishe wima. Usimpe kwanza. Mimi nilimpa mwenzake hapa Tabora, nikalipia kosa moja mara mbili.

Yangu pia ni Corolla, AE110. Mvua za Februari, natoka Sikonge usiku, nikadumbukia shimo lililojaa maji. Kesho yake tairodi endi ya kushoto inacheza. Fundi akaitoa, akafunga mpya bila kuhesabu nyuzi za ile ya zamani. Matairi yakawa yamekaribiana mno kwa mbele. Kuona hivyo akaenda kufupisha mkono wa tairodi wa kulia, matairi yakanyooka. Kumbe kushoto kumezidi, kulia kumepungua, na raki, ile fimbo yenye meno ambayo usukani huisogeza kushoto na kulia, imesogezwa kutoka katikati yake. Ukiuchukulia usukani kama uso wa saa, alama ya juu ambayo ingekaa saa sita ilikaa saa tano.

Nikaenda kwa fundi wa pili. Dakika ishirini tu, kavuta usukani, kauchomeka kwenye meno mengine ya mhimili wake, wima kabisa. Nikamsifu hadharani. Siku ya tatu nageuza gari mbele ya stesheni ya reli, mahali nilipozoea kugeuza mara moja. Kulia linageuka bila shida, kushoto halitoshi, mpaka nirudi rivasi. Hapo ndipo nilipoanza kushuka bei ya zile sifa.

Aliyenitoa gizani ni mzee jirani yangu, mstaafu wa reli. Hakugusa hata spana. Akaniambia, "Kijana, inua mbele, kata usukani mpaka mwisho kushoto, halafu zungusha mpaka mwisho kulia ukihesabu." Ikaja mizunguko mitatu na kitu. "Sasa rudisha nusu yake." Nikarudisha. Usukani ukasimama saa saba badala ya saa sita. Akacheka: "Wamenyoosha saa, hawajanyoosha jua."

Hicho ndicho kipimo ninachotaka ukifanye kabla ya yote. Nusu ya mizunguko ndiyo katikati ya raki. Usukani ukiwa wima hapo, basi umekaa vizuri kwenye mhimili wake na tatizo liko chini, kwenye mikono ya tairodi. Ukiwa umelala hapo hapo katikati, kuna mtu alishaung'oa kabla yako, na lazima urudishwe kwanza pale ulipozaliwa. Kama una eabegi, toa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote, na chini ya usukani kuna utepe wa waya uliojikunja ambao ukizungushwa ovyo hukatika. Wangu ulirudishwa hivyo kwanza, ukalala tena saa tano, ila hiyo kazi sikuifanya mwenyewe.

Lakini usikimbilie spana. Pima upepo wa matairi, maana tairi moja likiwa laini gari huvuta na wewe unashikilia usukani upande bila kujua. Shika tairi la mbele kwa mikono miwili, kushoto na kulia kwake, ulitikise. Likicheza, kuna tairodi, rakiendi (kiungo cha mkono upande wa raki) au bushi za raki zilizokufa, na kurekebisha juu ya kitu kilichokufa ni kupaka rangi ukuta unaoanguka. Na usijaribie barabarani tu. Barabara zetu zimeinamishwa pembeni ili maji yamwagike, sisi tunapita kushoto, kwa hiyo gari zima hujivuta kidogo kushoto na mkono wako unalizuia. Tafuta mahali tambarare. Na kama usukani ulilala wenyewe baada ya kugonga kitu, hakuna aliyefungua chochote, achana na maelezo yangu: kuna chuma kimepinda, kibadilishwe.

Haya, marekebisho. Corolla hizi raki iko nyuma ya ekseli. Usukani ukilala kushoto wakati gari linakwenda moja kwa moja, fupisha mkono wa kushoto na urefushe wa kulia, kwa kiasi kile kile. Ukilala kulia, kinyume chake. (Gari ambalo raki yake iko mbele ya ekseli, geuza maelezo haya yote.) Kiasi kile kile ndiyo siri yenyewe: ukigusa upande mmoja tu, usukani unaweza kunyooka lakini matairi yanakaribiana au yanaachana kwa mbele, na baada ya wiki chache ukipapasa tairi utakuta limelika kama msumeno.

Piga alama ya chaki kwenye kila mkono na kwenye lokinati (nati inayozuia mkono usizunguke) kabla ya kulegeza, ili ukipotea urudi nyumbani. Legeza pia kibanio cha buti ya raki (ule mfuko wa mpira) pale unapopita mkono. Nilisahau, buti ikajisokota na ikachanika, nikanunua nyingine. Usikariri kwamba kulia ni kukaza. Tazama nyuzi zinazoonekana nje ya tairodi endi: zikiongezeka mkono umerefuka, zikipungua umefupika. Kwangu mzunguko mmoja kila upande ulirudisha usukani chini kidogo ya nusu saa ya uso wa saa, kwa hiyo kutoka saa tano nilihitaji kama miwili na nusu. Fanya mmoja, kaza, jaribu, ndipo uongeze. Usiache nyuzi chache sana ndani ya endi, maana endi ikichomoka njiani hakuna usukani tena.

Mwisho nilichora mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele, kijana wa mzee akashika upande wa pili wa futi, tukapima mbele ya matairi na nyuma yake kwa kimo cha ekseli. Mbele ilikuwa ndogo kwa milimita moja tu. Magari mengi madogo huishi vizuri kati ya sifuri na milimita tatu. Baadaye nilipopita Mwanza niliweka kwenye mashine, hawakugusa kitu. Ukienda kwenye mashine mwambie fundi aufunge usukani ukiwa wima kabla ya kuanza, wengine huruka hatua hiyo na unatoka na karatasi nzuri na usukani umelala vile vile.

Kwa wale wa Land Cruiser za ekseli nzima mbele, kwenu rahisi zaidi: ule mkono unaotoka kwenye boksi ya usukani kwenda tairini ndio unaonyoosha usukani peke yake, bila kugusa mkono unaounganisha matairi mawili.

Mzee alikataa hela. Nilimpelekea asali ya Sikonge, hiyo aliipokea kabla sijamaliza salamu.

Sasa mkuu, inua gari uhesabu, halafu rudi utuambie usukani ulisimama saa ngapi kwenye nusu. Kuanzia hapo tutajua kama fundi wa Urambo alikosea mara moja au mara mbili.